Maneno Aliyoambiwa Kondoo

Mbuzi hakusumbua. Muse alimbeba tu kifuani, akampandisha nyuma ya pikapu, na mbuzi akaanza kutafuna kona ya turubai bila wasiwasi wowote. Kondoo ndiye aliyekataa. Alisimika miguu yake minne kwenye tope la Endarasha, akainamisha kichwa, na kila Muse alipovuta kamba yeye alirudi nyuma hatua mbili.

"Huyu alikuja hapa bila maneno," Muse alilalamika huku akihema. "Kutoka Nanyuki mpaka hapa hata hakulia. Sasa amekuwa nini?"

"Amekuwa wa hapa," Ngendo alisema, na papo hapo akajuta.

Alikuwa amesimama kando ya zizi, mikono ndani ya mifuko ya koti lake la kazi. Dawa ya ukaidi ule alikuwa nayo yeye. Angetembea tu kuelekea kwenye pikapu, bila kushika kamba wala kusema neno, na kondoo angemfuata hadi juu. Watu wote kuanzia Endarasha mpaka Chaka walijua kwamba wanyama humfuata binti Kinuthia. Ng'ombe aliyekataa daktari alimkubali yeye, na punda aliyemng'ata mmiliki wake alilegeza masikio kwake. Ndiyo maana Muse alikuja kutengeneza filamu juu yake. Lakini leo miguu yake haikutaka kutembea, na wewe ungekuwa yeye, yako pia isingetaka.

"Mwache kwanza," akasema. "Si ulisema umekuja na filamu? Nionyeshe. Kondoo atapanda baadaye."

Muse aliiachia kamba upesi mno kwa mtu aliyeshuka garini akisema ana haraka.

Alikuwa kijana wa Nanyuki, mrefu, mwenye kope ambazo wasichana wa Chaka walizijadili bila aibu. Baba yake, Mzee Abdilatif, alikuwa amenunua na kuuza mifugo katika nchi hii ya Kieni kwa miaka thelathini, na alitarajia mwanawe afuate njia hiyo hiyo. Mwana akanunua kamera. Ilichukua mwaka mzima wawili hao kuzungumza vizuri tena. Kwa miezi sita sasa Muse alikuwa akipanda Endarasha kila juma na kamera yake, akimfuata Ngendo kwenye mazizi ya watu alikokwenda kutibu, na katika miezi hiyo sita alikuwa amemwambia kila kitu isipokuwa kile alichotaka kusikia. Alimtazama, hilo ni kweli. Alimtazama hata kamera ikiwa imezimwa. Lakini kutazama si kusema, na Ngendo alikuwa na miaka ishirini na sita, umri wa kujua tofauti.

Wanyama wale wawili walikuwa na habari yao, na hapa lazima niisimulie yote, hata sehemu ambayo Ngendo hakumwambia mtu.

Filamu ilihusu mwaka wa kiangazi kikubwa, Ngendo alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Mwaka huo ng'ombe wa Kieni waliinuliwa kila asubuhi kwa kushikwa mkia, na aliyeshindwa kuinuka alihesabiwa amekwisha. Kwao kulikuwa na kondoo mmoja aliyeanguka. Baba yake alikuwa tayari amenoa kisu. Ngendo akachukua magunia mawili, akayapitisha chini ya tumbo la kondoo, akamning'iniza kwenye boriti ya banda ili asimame hata kama miguu haitaki, akakaa naye hapo siku tisa akimnywesha uji kwa kijiko. Siku ya kumi kondoo alisimama mwenyewe. Muse aliposimuliwa hadithi hiyo alisema ataiigiza upya, na Waithira, mtoto wa jirani, acheze kama Ngendo mdogo. Walihitaji kondoo mchanga, mwembamba, na mbuzi wa kumweka kando yake. Muse akawatoa katika zizi la baba yake. Walikuwa wa kike wote wawili kwa sababu moja tu: madume walikuwa wameshakwenda buchani.

Wakapiga picha siku moja. Jioni Muse akaondoka, wanyama wakabaki.

Mzee Kinuthia alirudi nyumbani akawakuta wamefungwa zizini.

"Nani ameleta hawa?"

"Ni Muse, baba."

"Wote wawili?"

"Ndiyo."

Mzee aliinama akamfunua kondoo midomo, akayaangalia meno. Akapapasa tumbo la mbuzi. Kondoo ambaye hajazaa, na mbuzi jike mchanga. Alipoinuka alivua kofia yake, akasimama hivyo kichwa wazi kwa muda mrefu, na Ngendo akaelewa mara moja kilichokuwa kinapita ndani ya kichwa kile. Kwa Wagikuyu, kijana anayemtaka binti hutanguliza wanyama wawili nyumbani kwao. Huwa ni kondoo jike na mbuzi jike, wote hawajazaa, na huitwa mwati na harika. Wakipokelewa na kulishwa, mlango umefunguliwa. Kwa kawaida huja na wazee, lakini Mzee Kinuthia alijiambia kwamba mgeni hawezi kujua yote. Huyu kijana Msomali ameuliza watu Chaka, akafanya kadiri alivyoweza.

Ngendo angesema, "Ni wa filamu, baba." Maneno machache, yangemtoka kwa pumzi moja. Hakuyasema jioni ile. Asubuhi alijiambia atasema jioni, na jioni shangazi yake Magdaline alikuwa ameshafika na ugomvi ukawa umeanza. Hivyo hivyo, wiki tatu zikapita.

*

Waliketi sebuleni, kompyuta juu ya kitambaa cha meza ambacho marehemu mama yake alikifuma. Muse alimpa kiti kizuri, yeye akaketi kwenye kistuli, nusu hatua nyuma yake. Ngendo alihisi pumzi zake karibu na sikio.

Filamu ilikuwa nzuri. Ilianza na ukungu ukitoka Nyandarua asubuhi, kisha Waithira akatokea na magunia yake, akafunga fundo, likafunguka, akafunga tena. Ngendo alimtazama mtoto yule aking'ang'ana peke yake bandani. Miaka yote hii aliijua kama hadithi ya kondoo. Hakuwahi kuona kwamba ilikuwa pia hadithi ya mtoto aliyefiwa na mama mwezi huo huo na ambaye hakutaka kitu kingine chochote kife.

"Uliona hiyo," alisema polepole. "Mimi sikukuambia."

"Hukuniambia. Lakini ulikuwa unasema 'siku tisa' kila mara, na kila mara macho yako yalikuwa yanaenda kwa hiyo picha ya mama ukutani."

Hakugeuka. Angegeuka angemwona karibu mno.

Kisha picha ikabadilika. Ilikuwa alfajiri, zizi lile lile la nje, na Mzee Kinuthia akiwa peke yake na kondoo wa Muse. Alikuwa amechuchumaa akimlisha majani ya viazi vitamu mkononi. Kamera ilikuwa mbali, ng'ambo ya ua, lakini sauti ilikuwa karibu kabisa.

"Wiki ile nilikuja kupiga picha za asubuhi," Muse alieleza, msisimko ukimjaa. "Nilikuwa nimemfunga maiki kwa koti, akasahau kuitoa. Sikiliza."

Ngendo alisikiliza. Baba yake aliongea Kigikuyu cha zamani, taratibu, cha mtu asiyejua anasikika.

"Kula, mama. Umetoka mbali. Mimi nilisema sitakubali. Dada yangu akasema nikikubali hatakanyaga hapa tena. Mchungaji akasema nikafikirie. Nimefikiria. Kwa magunia mawili msichana huyu alinizuia nisimchinje mwenzako, sasa mimi ni nani wa kumzuia yeye? Kama kijana mwenyewe hana mdomo, ametuma nyinyi. Basi mwambieni nimesikia. Kula."

Muse akasimamisha picha hapo, uso wa mzee umeelekea juu.

"Hapa ndipo moyo wa filamu uko, Ngendo. Ile sura. Mimi Kikuyu yangu ni ya soko, najua bei na kilo na matusi mawili. Nimesikia tu 'kula'. Niambie maneno mengine niyaandike chini ya picha. Jumamosi imefika."

Jumamosi. Ngendo aliyaona yote kwa mara moja. Filamu ingeonyeshwa katika ukumbi wa Chaka, watu mia tatu, mchungaji mstari wa mbele, wafugaji wote wanaoleta ng'ombe kwenye josho, wazee wa kanisa wenzake baba yake. Hakuna hata mmoja wao angehitaji maandishi chini ya picha. Wangemsikia Mzee Kinuthia akimkubali mkwe ambaye hajamposa mtu, na kufikia hapo pikapu ingekuwa imeshawarudisha wale wanyama Nanyuki. Wangemcheka mpaka siku ya kuzikwa.

"Anasema kula," Ngendo akasema.

"Yote hiyo ni kula?"

"Muse, itoe hiyo."

"Nitoe? Aki Ngendo, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nimekesha nayo. Anasema nini?"

Angeweza kudanganya. Angesema mzee anaomba mvua, na Muse angeandika mvua. Alimtazama baba yake pale kwenye kioo cha kompyuta, kofia mkononi, na akaona kwamba amekwisha kudanganya vya kutosha.

"Anaongea na kondoo wako," alisema. "Anamwambia akupelekee jibu."

"Jibu la nini?"

Akamweleza. Alieleza akiangalia kitambaa cha meza, kidole chake kikifuata uzi mmoja wa ufumaji kwenda na kurudi. Alimweleza mwati na harika ni nini, na baba yake alivyomwangalia kondoo meno, na ugomvi wa Magdaline, na siku mzee alipovaa suti akaenda kwa mchungaji. Muse hakumkatiza. Alipomaliza, wakasikia turubai ikichanika huko nje.

"Kwa hivyo baba yako anafikiria nimekuposa."

"Hafikirii. Kwake ilishafanyika."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu hiyo jioni."

"Wiki tatu, Ngendo! Nimekuja hapa mara ngapi? Nimekunywa chai na huyo mzee, ananiangalia, mimi namwambia habari ya lenzi! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Muse, baba yangu anafikiria unanipenda, tafadhali njoo umwambie si hivyo? Wewe hujawahi kuniambia kitu. Miezi sita. Unaniuliza kama nimekula, unaniuliza kama nina baridi, unaniletea maziwa ya ngamia kwa chupa. Halafu unaenda. Hawa wanyama walipokuja nikaona baba amevua kofia, na nikataka iwe kweli. Hiyo tu. Nilitaka iwe kweli, hata kwa wiki moja."

Muse aliinuka. Akaenda dirishani. Ghafla akashika kichwa.

"Na mimi nimempandisha mbuzi kwa gari. Ngendo, mtu akiwarudisha, maana yake nini?"

"Maana yake amemkataa msichana. Wazi wazi, mchana."

"Ya Rabi!" akasema, akakimbilia mlangoni.

Alichelewa. Mzee Kinuthia na dada yake walikuwa wameshaingia langoni, wanatoka kupeleka maziwa, mkebe mtupu mkononi mwa mzee. Walikuwa wamesimama mbele ya pikapu. Kondoo alikuwa nyuma ya gari, kamba inaburuta. Mbuzi alikuwa juu, kipande cha turubai mdomoni, akiwatazama.

Magdaline ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani, na hakuipunguza. "Si nilikwambia, Kinuthia? Si nilikwambia? Mtu wa biashara ni wa biashara. Ameleta, ameangalia, ameona haimfai, anarudisha. Na sisi hapa tumeshalisha!"

Mzee aliuweka mkebe chini, akamtazama Muse, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu.

"Kijana," alisema, "kama ni kuchukua, chukua. Ni wako. Lakini ungekuja nikiwa hapa. Mtu hachukui kitu chake kama mwizi."

"Mzee, si hivyo..."

"Baba, hakujua."

Ngendo alikuwa ameshuka ngazi. Kondoo alipomwona alikuja mbio na kamba yake, akasimama karibu naye, akamwegemea goti. Ngendo akaweka mkono juu ya kichwa chake kwa mazoea, bila kumtazama.

"Hakujua nini?"

"Hajui mwati na harika. Hajawahi kusikia. Walikuwa wa kucheza filamu tu, baba. Wa Waithira. Mimi nilijua. Ulipovua kofia nilijua vile umeelewa, na nikanyamaza. Makosa ni yangu. Yeye amejua saa hii, ndani ya nyumba, nimemwambia."

"Ngai!" Magdaline akasema, na kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za ukoo hakuongeza kitu.

Mzee Kinuthia alikaa juu ya mkebe wa maziwa. Alikuwa akimwita bintiye mami, kwa sababu amebeba jina la mama mzazi wa mzee, na alipolitumia sasa sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mami, nilienda kwa mchungaji."

"Najua, baba."

"Nilikaa kwa ofisi yake nimeshika kofia, mimi mzee wa kanisa, nikamweleza. Nikamwambia, binti yangu ameombwa na Mwislamu, na ni kijana mzuri, nifanye nini? Wiki mbili sijalala. Kumbe hakuna mtu ameomba kitu."

"Nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia tu? Hata kesho yake? Mimi ni mkali hivyo?"

Ngendo alilia sasa bila kujificha. "Niliogopa nikikuambia si kweli, utafurahi," alisema. "Ningeona umefurahi, singeweza kuvumilia."

Mzee aliangalia mikono yake. Upepo ulishuka kutoka mlimani na turubai ikapigapiga. Muse alikuwa amesimama kati yao, na ungemwona ungemhurumia, maana alikuwa anageuka rangi. Kisha akasogea mbele, akachuchumaa mbele ya mzee ili asiongee naye kutoka juu.

"Mzee, na mimi niko na yangu."

"Sema."

"Ile kazi ya Waithira ilikuwa ya siku moja. Jioni tulimaliza. Gari ilikuwa hapa, tupu, na kamba nilikuwa nayo. Ningewabeba hiyo jioni. Niliwaacha makusudi. Nilijua filamu imeisha, na sina kitu kingine cha kunirudisha hapa. Nikasema nikiacha mali yangu, nitakuwa na sababu. Wiki ya kwanza nilikuja ati naangalia kama wanakula. Ya pili nikasema nataka mwanga wa asubuhi. Mwanga nilikuwa nao tayari. Leo nimekuja kuwachukua kwa sababu baba ameuliza wako wapi, nikakosa la kumwambia."

Ngendo aliacha kulia. Alisahau tu kuendelea.

"Ngoja," Mzee Kinuthia akasema. "Ngoja, nielewe. Uliacha wanyama wako kwa boma langu ndio uwe na sababu ya kurudi kwa huyu msichana."

"Ndiyo, mzee."

"Kondoo jike na mbuzi jike."

"Ndiyo."

Mzee alimgeukia dada yake, akamrudia Muse, na kona ya mdomo wake ikacheza. "Na ati hukujua. Kijana, wewe unafikiri sisi huwa tunawaleta kwa nini?"

"Kinuthia, usicheke," Magdaline alisema. "Hayo ni mambo ya mbuzi. Na mambo ya Mungu? Huyu atasali wapi? Watoto wataitwa nani? Mama yake huyo kijana atamtaka huyu wetu kwa nyumba yake?"

"Hiyo ni kubwa," mzee akasema, na kicheko kikaondoka. "Hiyo ni kubwa, Magdaline, na bado. Sisemi imeisha."

Muse naye hakusema imeisha. Alikuwa akimfikiria mama yake, Bisharo, ambaye alikuwa na orodha ya wasichana watatu wa Nanyuki na mmoja wa Isiolo, na hilo lilionekana wazi katika paji la uso wake. Ngendo aliliona. Alimpenda zaidi kwa kutolificha.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na Jumamosi haikuwa inangoja.

"Baba," alisema, "ingia ndani. Kuna kitu lazima uone kabla watu wengine hawajaona."

*

Mzee Kinuthia alijitazama kwenye filamu mara mbili. Mara ya kwanza alisema tu, "Hili koti ni baya hivyo?" Mara ya pili, aliposikia maneno yake mwenyewe juu ya magunia mawili, alipangusa pua kwa kiganja. Magdaline alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, na yeye alikuwa ndani yake.

"Nitaitoa, mzee," Muse alisema. "Filamu haitakufa. Utabaki ukilisha kondoo, bila sauti. Ni maneno yako. Sikukuomba, na singefaa kuyachukua."

"Mchungaji atakuwa huko?"

"Amealikwa."

"Na watu wa josho?"

"Wote."

Mzee alifikiri. Mtu aliyezoea kuamua kama mnyama atachinjwa au atangojewa siku moja zaidi haharakishwi, na Ngendo alijua kutomharakisha. Alikaa mikono yake ikiwa mapajani, akiisubiri aibu ya baba yake ambayo yeye ndiye aliyeipika.

"Baba yako husikia Kigikuyu?" mzee akauliza.

Muse alishangaa. "Kuliko mimi. Amenunua ng'ombe hapa kabla nizaliwe. Akikasirika nyumbani anakasirika na Kikuyu."

"Atakuwa Chaka Jumamosi?"

"Sikumwambia aje. Anajua tu natengeneza filamu ya kondoo."

"Basi usiitoe." Mzee aliinuka, akachukua kofia yake mezani. "Mimi nimesema yangu mara moja, kwa kondoo, na nilisema vizuri. Siwezi kuisema tena hivyo nikiangaliwa na watu. Mwambie baba yako aje, akae mbele, aisikie yote. Halafu na yeye aniambie yake. Wakicheka, wacheke. Watakuwa wanacheka mzee anayempenda mtoto wake."

"Kinuthia!" Magdaline alisema.

"Nini?"

Magdaline alimtazama kaka yake, kisha dirisha. "Hakuna," akasema kwa hasira. "Nakwenda kushusha huyo mbuzi kabla amalize turubai ya watu." Akatoka, na wakamsikia akimgombeza mbuzi huko nje kwa sauti ya chini kuliko ilivyostahili.

"Nitampigia leo usiku," Muse alisema.

"Mpigie saa hii," mzee akamjibu. "Tumengoja ya kutosha kwa hii nyumba."

Muse alitoa simu. Vidole vyake, ambavyo Ngendo alikuwa amevitazama miezi sita vikigeuza lenzi bila kutikisika, vilikosea namba mara mbili. Simu ikaita. Sauti nzito ikajibu kutoka Nanyuki, na Muse akaanza, "Aabo," kama alivyozoea kumwita baba yake, kisha akaendelea kwa Kisomali, upesi, akitazama sakafu. Ngendo hakuelewa kitu. Sasa alijua jinsi Muse alivyokuwa, akikesha na maneno ya mzee asiyoyaelewa. Alisikia Chaka, akasikia Jumamosi. Halafu, katikati ya maneno mengine, akasikia jina lake.

Kisha ile sauti nzito ikauliza jambo fupi.

Muse alishusha simu kidogo.

"Amesema nini?" Mzee Kinuthia akauliza.

"Anauliza Ngendo ni nani."

"Basi mwambie."

Muse aliinua macho akamtazama Ngendo, na safari hii hakuyaondoa. Alirudisha simu sikioni. Kisomali akakiacha, akasema kwa Kiswahili, polepole, ili kila mtu mle chumbani asikie.

"Ni msichana ninayempenda, Aabo. Nataka kumwoa. Niko kwao saa hii."